Kumpokea Tena Darasani: Mwalimu na Mtoto Atokaye katika Nyumba ya Upataji Nafuu

Utangulizi

Katika mafunzo ya ualimu tumezoea kujadili namna ya kumfundisha mtoto aliyepo darasani. Ni mara chache tunapojadili namna ya kumpokea mtoto aliyeondoka na ambaye sasa anarudi. Makala haya yanamhusu mtoto au kijana aliyekuwa akitumia dawa za kulevya, akapelekwa kukaa katika nyumba ya matunzo, na baada ya miezi kadhaa akarudishwa kwa wazazi wake na kwa mwalimu wake.

Huenda mwanachuo akauliza: Je, jambo hili linamhusu mwalimu wa shule ya msingi? Linamhusu sana. Mtoto wa darasa la tano katika mji wa pwani, au katika mji wowote ulio kando ya barabara kuu, anakutana na sigara, kuberi, pombe, bangi, gundi na petroli ya kunusa kabla hajamaliza shule. Katika madarasa ya MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa, mwalimu anawapokea vijana waliopitwa na umri, na baadhi yao wameishi mitaani. Aidha, wapo watoto ambao wao wenyewe hawajagusa dawa yoyote, lakini kaka, baba au mjomba wao amepelekwa katika nyumba hizo. Mwalimu mpya atakayepangiwa shule yoyote hana budi kujiandaa kukutana na mmojawapo wa hao.

Tutaeleza kwanza nyumba hizi ni nini na zinafanyaje kazi. Kisha tutaonyesha kwa nini siku ya kurudi ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote. Na mwisho tutajadili kazi ya mwalimu hatua kwa hatua. Jambo kuu tunalotaka msomaji alishike ni hili: nyumba ya matunzo yaweza kumtenga kijana na dawa kwa muda, lakini mahali pa kuishi bila dawa ni nyumbani, mtaani na shuleni. Mahali hapo pasipoandaliwa, kazi yote iliyofanyika ndani ya nyumba huweza kupotea kwa siku moja.

Nyumba ya upataji nafuu ni nini?

Hapa Tanzania, nyumba ambamo waraibu hukaa kwa muda ili kuachana na dawa za kulevya huitwa nyumba za upataji nafuu. Mraibu ni mtu ambaye mwili na akili yake vimekwisha kuizoea dawa hata hawezi kuiacha kwa kutaka tu. Neno hili ndilo tunalowashauri walimu walitumie. Neno "teja", lililoenea mitaani, lina dharau ndani yake, na mtoto anayeitwa hivyo mbele ya wenzake hulivaa kama jina lake.

Nyumba hizi hazina asili moja. Mwaka 1935 Serikali ya Marekani ilifungua huko Lexington, katika jimbo la Kentucky, taasisi kubwa iliyokuwa nusu hospitali na nusu gereza, ambamo wagonjwa walilima na kufuga. Wengi mno kati ya waliotoka humo walirudia dawa baada ya kurejea mijini kwao. Mwaka 1958 Charles Dederich alianzisha huko California jumuiya iliyoitwa Synanon, ambamo waraibu waliishi pamoja na kusaidiana wenyewe kwa wenyewe. Wazo hilo la kusaidiana lilienea katika nchi nyingi na limewafaa watu wengi. Hata hivyo Synanon yenyewe, kwa kuwa haikuwa na msimamizi wa nje, iligeuka baadaye kuwa kundi la vitisho na mabavu, na ilivunjika mwaka 1991. Historia hii ina mafunzo mawili: kwamba kumtenga mtu na dawa peke yake hakutoshi, na kwamba nyumba isiyokaguliwa na mtu wa nje yaweza kuwadhuru wale iliyokusudia kuwaokoa.

Katika pwani ya Afrika Mashariki heroini, ambayo watu wa mitaani huiita "unga", ilianza kuenea katika miaka ya 1980. Mwanzoni watumiaji wengi waliivuta pamoja na tumbaku au bangi. Baadaye matumizi ya sindano yakaongezeka, na pamoja nayo maambukizi ya virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Kuanzia mwaka 2009 nyumba za upataji nafuu zilifunguliwa kisiwani Unguja, nyingi zikiendeshwa na watu ambao wao wenyewe walikuwa wamepata nafuu, wakifuata mpango wa hatua kumi na mbili wa Narcotics Anonymous. Nyumba nyingine zilifunguliwa Dar es Salaam, Tanga, Arusha na kwingineko. Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya maji ambayo mraibu wa heroini huinywa kila siku mbele ya mhudumu na ambayo humwondolea mateso ya kukosa heroini. Mgonjwa wa methadoni huja na kurudi nyumbani kwake, hivyo tiba hiyo ni tofauti na kukaa katika nyumba. Methadoni haimfai mtu anayetumia bangi au gundi, kwa sababu hufanya kazi kwa heroini na dawa za jamii yake tu.

Nani apelekwe, na wapi?

Yafaa mwanachuo aelewe kwamba kumpeleka mtoto kukaa mbali na wazazi wake si hatua ya kwanza. Mwanafunzi aliyejaribu sigara au bangi mara moja mbili hahitaji nyumba ya matunzo. Anahitaji mzazi anayemfuatilia, mwalimu anayezungumza naye, na shughuli ya kumshughulisha baada ya masomo. Kumchanganya mtoto huyo na watu wazima waliotumia heroini kwa miaka kumi ni kumweka katika shule ya mambo ambayo hakuyajua.

Makao ya kukaa huhitajika pale ambapo uraibu umekomaa, au pale ambapo nyumba anamoishi mtoto ndimo dawa inamopatikana, au ambapo mtoto hana nyumba kabisa. Hata hapo, yapo masharti. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya umri wa miaka 18 kuwa mtoto. Hivyo uamuzi wa kumpeleka popote upitie kwa Afisa Ustawi wa Jamii, pamoja na daktari na mzazi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 33, unazitaka nchi zimlinde mtoto dhidi ya dawa za kulevya. Lakini mkataba huohuo unakataza kumlinda mtoto kwa kumtesa.

Tunasema hivyo kwa kuwa zipo nyumba, katika nchi mbalimbali, ambazo huwafunga watu minyororo, huwapiga, au huwanyima chakula kwa jina la tiba. Mwezi Machi 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja kuzitaka serikali zifunge vituo vinavyowazuilia watu kwa nguvu kwa kisingizio cha kuwatibu uraibu. Mwalimu akiulizwa ushauri na mzazi, amwelekeze aulize maswali haya kabla hajamwacha mtoto wake:

1. Je, nyumba hii inatambuliwa na mamlaka zinazohusika, na ni nani anayeikagua?
2. Je, watoto wanalala mahali pamoja na watu wazima?
3. Je, yupo mganga au muuguzi anayewaona katika siku za mwanzo?
4. Je, mzazi anaruhusiwa kumtembelea mtoto na kuzungumza naye faragha?
5. Je, mtoto ataendelea na masomo, na ni nani atakayemfundisha?
6. Je, akitoka, nani atamfuatilia?

Nyumba isiyotaka kujibu maswali haya si ya kuaminiwa.

Maisha ndani ya nyumba

Siku za mwanzo ni za mateso ya mwili. Kwa aliyezoea heroini, mateso hayo, yaitwayo "arosto" mtaani, huanza saa chache baada ya kuikosa dawa, huzidi siku ya pili na ya tatu, na kwa kawaida hupungua baada ya juma moja au zaidi kidogo. Mgonjwa hutetemeka, hutapika, huharisha, huumwa viungo na hukosa usingizi. Aliyezoea pombe nyingi yumo katika hatari kubwa zaidi, kwani kuiacha kwa ghafla kunaweza kumletea degedege na hata kifo. Huyo apelekwe hospitali kwanza.

Baada ya hapo huja kazi ndefu ya kujifunza kuishi upya. Nyumba nyingi hupanga muda wa miezi kadhaa, mara nyingi kati ya mitatu na sita. Siku ina ratiba: kuamka kwa saa maalumu, kutandika kitanda, kusali kwa anayesali, kufagia, kupika kwa zamu, kukaa katika duara na kuzungumza, kufanya kazi za mikono, kucheza, kulala. Kijana ambaye kwa miaka miwili siku yake iligawanywa na kete tu, yaani pakiti ndogo ya unga, sasa anajifunza tena kwamba kuna asubuhi na kuna jioni.

Mwalimu anaweza kujifunza jambo hapa. Katika duara la mazungumzo kila mmoja husema kwa zamu, hakuna anayekatizwa, na yasemwayo hayatolewi nje. Mwenye muda mrefu humwongoza mgeni. Kosa linasahihishwa kwa kurudia kazi vizuri. Mambo hayo hayapingani na ualimu mwema. Mtoto aliyeyazoea atayatafuta shuleni, na asipoyaona atahisi kwamba amerudi mahali asipotakiwa.

Kwa nini kurudi ni hatari?

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Kwanza, mwili. Mtu anayetumia heroini kila siku hujenga ustahimilivu, hata kiasi kinachoweza kumwua mgeni hakimwui yeye. Akiiacha kwa majuma kadhaa, ustahimilivu huo hupungua. Akirudi mtaani na kutumia kiasi kilekile alichokizoea zamani, pumzi yake yaweza kusimama. Kwa sababu hiyo majuma ya kwanza baada ya kutoka katika nyumba, au gerezani, ndiyo majuma ya vifo. Mwalimu ajue dalili: pumzi za polepole mno au za kukoroma, midomo na kucha kuwa za buluu, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, na mtu asiyeamka anapoitwa na kutikiswa. Huyo alazwe kwa ubavu, asiachwe peke yake, akimbizwe hospitali mara moja. Ipo dawa iitwayo naloksoni ambayo humrudishia pumzi, nayo hutolewa na wahudumu wa afya.

Pili, kumbukumbu. Njia aliyoipita kwenda kununua, rafiki aliyevuta naye, harufu ya moshi, hata siku ya malipo, vyote huamsha hamu ambayo ilionekana kufa. Ndani ya nyumba vitu hivyo havikuwapo. Kijana huweza kudhani amepona kwa kuwa hakujaribiwa.

Tatu, aibu. Anarudi wenzake wakiwa wamepanda darasa. Anakaa na wadogo. Mtaa mzima unajua alikokuwa. Ikiwa shule nayo itamfanyia dhihaka au kumwambia hana nafasi, atabakiwa na kundi moja tu linalompokea bila maswali, nalo ni lile la zamani.

Hatari ya kwanza ni ya kitabibu, na mwalimu si tabibu. Ya pili anaweza kuipunguza kidogo. Lakini ya tatu imo mikononi mwake kwa sehemu kubwa.

Kazi ya mwalimu

(a) Mtoto akiwa bado ndani ya nyumba

Jina lake lisifutwe katika daftari la mahudhurio bila utaratibu. Mwezi Novemba 2021 Serikali ilitangaza utaratibu wa kuwarejesha shuleni wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali. Kwa hiyo mlango haukufungwa kisheria, na mwalimu asiufunge kwa desturi. Kwa kibali cha mzazi, mwalimu awapelekee wasimamizi wa nyumba vitabu na mazoezi mafupi. Mazoezi hayo yawe mepesi kidogo kuliko kiwango cha darasa lake, kwani akili iliyotoka katika dawa huchoka upesi na kusahau. Barua fupi ya mwalimu, hata ya mistari mitano, huwa na uzito kuliko tunavyodhani.

(b) Kabla ya siku ya kurudi

Mwalimu amtembelee mzazi. Hebu tuchukue mfano wa kubuni wa mvulana wa darasa la tano tutakayemwita Juma. Mwalimu, ambaye ni kijana kuliko mama yake Juma, anafika nyumbani jioni:

Mwalimu: Shikamoo, mama.
Mama: Marahaba, mwalimu. Karibu ndani, karibu kiti.
Mwalimu: Ahsante. Nimekuja kukujulisha kwamba jina la Juma bado limo daftarini, na nafasi yake ya kukaa ipo.
Mama: Mwalimu, mimi naona haya. Mtaa wote unajua alikokwenda.
Mwalimu: Pole, mama. Shuleni hatutatangaza lolote. Wenzake wakiuliza, tutasema alikuwa akiugua na sasa anaendelea vizuri. Hilo ni kweli, wala halimdhalilishi.
Mama: Na akirudia je?
Mwalimu: Ukiona dalili, uniambie mapema. Nami nikiona, nitakuja kwako kwanza. Sasa nieleze, anapita njia ipi kuja shuleni?
Mama: Ile ya kibandani. Na wale wenzake wa zamani hushinda palepale.
Mwalimu: Basi tumtafutie njia nyingine, na mwenzi wa kufuatana naye.

Tazama namna mwalimu alivyofanya. Hakuanza kwa kulaumu. Alileta habari njema yenye ushahidi, yaani jina daftarini. Walipatana neno moja la kusema, ili nyumbani na shuleni pasisemwe mambo mawili. Kisha akauliza jambo dogo linaloweza kutendeka, yaani njia. Mwanachuo ajizoeze kuuliza maswali ya namna hiyo.

Wanaopaswa kujua habari kamili shuleni ni wachache: mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa, na mwalimu wa ushauri na unasihi. Chumba cha walimu si mahali pa kuisimulia.

(c) Juma la kwanza

Mtoto apokewe kama mwanafunzi aliyekuwa mgonjwa: bila shangwe na bila hotuba. Apimwe kwa upole katika kusoma, kuandika na kuhesabu ili ijulikane aanzie wapi, na kipimo hicho kifanyike faragha. Akae karibu na mbele, pamoja na mwenzi mtulivu. Apewe jukumu dogo lenye heshima, kwa mfano kugawa vitabu au kutunza bustani. Asipewe jukumu la fedha. Sababu si kwamba ni mwizi, ila fedha mkononi ni mojawapo ya vitu vinavyoamsha hamu.

(d) Miezi inayofuata

Mwalimu atarajie siku mbaya. Mtoto atakosa usingizi, atasinzia, atakasirika kwa jambo dogo, atasahau aliyofundishwa jana. Kazi igawanywe katika vipande vifupi, na kila kipande kikikamilika kitambuliwe. Michezo, ngoma, kwaya na kazi za shamba zisionekane kuwa za kupoteza muda: mtoto huyu anahitaji furaha isiyotoka katika kete. Kila juma, kwa siku ileile, mwalimu azungumze naye kwa dakika chache. Faida ya mazungumzo hayo imo katika kutokatika kwake.

Kulifundisha darasa zima

Walimu wengi wakisikia habari za dawa za kulevya hufikiria kumwita askari aje kuogofya, au kumsimamisha mraibu wa zamani asimulie. Maelekezo ya kimataifa kuhusu kinga, yaliyotolewa na Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu mwaka 2013 na kutolewa upya mwaka 2018 kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani, yanaonyesha kwamba njia hizo hazikuthibitika kufaa, na pengine huleta madhara. Vitisho huamsha udadisi. Nao ushuhuda humfundisha mtoto jambo ambalo msimulizi hakulikusudia: kwamba yawezekana kutumia, kisha kuacha, na hatimaye kusimama jukwaani ukapigiwa makofi. Kwa hiyo ni mwiko kabisa kumsimamisha Juma mbele ya wenzake asimulie yaliyomkuta.

Kinachofaa zaidi ni kuwazoeza watoto stadi za maisha kwa vitendo: kuamua, kukataa, kutuliza hasira, kuomba msaada. Tunatoa mfano wa andalio la somo.

Darasa: la tano. Muda: dakika 40.
Mada: Kukataa bila kugombana.
Lengo mahsusi: Kila mwanafunzi aweze kukataa jambo asilolitaka kwa kutumia angalau njia mbili.
Zana: Kadi za karatasi zenye visa vifupi, ubao.

Utangulizi (dakika 5): Mwalimu aulize, "Nani amewahi kushawishiwa kutoroka shule au kukwea mwembe wa jirani?" Wanafunzi wajibu. Dawa zisitajwe bado.

Maarifa mapya (dakika 10): Kwa kuwashirikisha wanafunzi, mwalimu aandike ubaoni njia nne: kusema "hapana" wazi; kutoa sababu fupi; kupendekeza jambo jingine; kuondoka.

Mazoezi (dakika 15): Wawili wawili waigize visa vilivyo katika kadi. Mfano: "Kaka mkubwa wa mtaani anakupa biskuti na kusema itakuchangamsha." Wabadilishane nafasi. Mwalimu apite akisikiliza, asimlazimishe yeyote kuigiza mbele ya darasa.

Kukaza maarifa (dakika 7): Wajadili njia ipi ilikuwa ngumu na kwa nini. Mwalimu asisitize kwamba kukataa mbele ya mtu mkubwa kwahitaji msaada, na kwamba kumwambia mzazi au mwalimu si usaliti. Awataje pia namba 116, ambayo mtoto aweza kupiga simu kuomba msaada.

Tathmini (dakika 3): Kila mmoja aandike jina la mtu mzima mmoja atakayemwendea akiwa na tatizo. Mwalimu ayasome majibu faragha. Mtoto aliyeacha nafasi tupu ndiye wa kufuatiliwa kwanza.

Mtoto akiteleza

Uraibu ni ugonjwa unaorudi, kama ilivyo pumu au kisukari kwa mgonjwa aliyeacha masharti. Wengi huteleza mara moja au zaidi kabla ya kutulia. Jambo hili huwaudhi walimu, nao husema, "Tumemsaidia, ameturudisha nyuma." Lakini mgonjwa wa malaria akiugua tena hatumpigi viboko.

Akiteleza, kwanza ihakikishwe kwamba uhai wake ni salama. Pili, aitwe mzazi, kisha Afisa Ustawi wa Jamii na kituo cha afya. Tatu, ichunguzwe pamoja naye ni nini kilichotangulia: njia, rafiki, ugomvi wa nyumbani au mtihani. Nne, arudi darasani mara anapoweza. Kiboko humfunza mtoto kuficha tu, na anayeficha hutumia akiwa peke yake, mahali ambapo pumzi ikisimama hakuna wa kumwona. Kumfukuza kabisa ni kumkabidhi kwa wauzaji.

Hata hivyo tusichanganye mambo. Mtoto anayeleta dawa shuleni na kuwauzia wenzake amehatarisha darasa zima, na suala hilo lifikishwe kwa mwalimu mkuu na mamlaka zinazohusika bila kuchelewa. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 ina adhabu kali kwa biashara hiyo. Lakini hata hapo mwalimu aulize ni mtu mzima gani aliyemtuma, kwani ni nadra mtoto wa shule ya msingi kuwa mwenye mali.

Hitimisho

Tumeona kwamba nyumba ya upataji nafuu ina kazi yake: kumpitisha kijana katika mateso ya mwili, kumrudishia mpangilio wa siku, na kumpa watu wa kusema nao. Tumeona pia mipaka yake. Haiwezi kumfuata mtoto njiani asubuhi wala kukaa naye dawati moja. Hapo pana mwalimu. Hatumtaki awe tabibu wala askari. Tunamtaka alinde jina la mtoto katika daftari na heshima yake mbele ya wenzake, afundishe kuanzia pale mtoto alipo, azungumze naye kila juma, na ajue ni nani wa kumwita mambo yanapomzidi. Kazi hizi hazihitaji fedha wala zana za pekee, na mwanachuo anaweza kuanza kujizoeza katika mafunzo yake ya ualimu kwa vitendo.

Maswali ya kujadili

1. Eleza kwa nini majuma ya kwanza baada ya mraibu wa heroini kutoka katika nyumba ya upataji nafuu ni ya hatari kwa uhai wake.
2. Mwalimu mwenzako anataka kumwomba mwanafunzi aliyerudi atoe ushuhuda mbele ya shule siku ya wazazi. Utamshauri nini, na utatoa sababu zipi?
3. Wawili wawili, igizeni mazungumzo kati ya mwalimu na babu anayemlea mjukuu aliyerudi kutoka katika nyumba ya matunzo. Babu anasema hataki tena kumwona mtoto huyo nyumbani.
4. Andika andalio la somo la dakika 40 kwa darasa la nne kuhusu kuomba msaada kwa mtu mzima unayemwamini.
5. Chunguza katika wilaya utakakofanyia mafunzo kwa vitendo: ofisi ya Ustawi wa Jamii iko wapi, kituo cha afya kilicho karibu ni kipi, na nani shuleni anashughulikia ushauri na unasihi? Andika majibu katika ukurasa wa kwanza wa daftari lako la maandalio.